Nilikosa ufadhili kwa saa, nikaupata kwa muhogo

Ilikuwa Juni, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ufadhili wa utafiti, nami nimetulia ofisini Mikocheni natafuna karanga. Tangazo lilisema mwisho ni 11:59 usiku. Nikajiambia muda ninao, nikapanda daladala, nikafika nyumbani, nikaoga, nikala, nikafungua kompyuta saa mbili usiku. Ukurasa ukaniambia dirisha limefungwa. Nilidhani mtandao unanichezea. Nikazima, nikawasha. Dirisha limefungwa.

Ufadhili ulikuwa wa Australia. Mwezi Juni Canberra iko mbele yetu kwa saa saba, kwa hiyo saa sita usiku ya kwao ni saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam. Wakati mimi nasubiri daladala Mwenge, maombi yalikuwa yameshafungwa. Wamarekani nao ni kinyume chake: mwisho wa saa sita usiku wa Washington, kwa miezi hiyo, ni saa moja asubuhi ya kesho yake huku kwetu. Kwa hiyo wadogo zangu, kabla hujasoma kitu kingine kwenye tangazo, soma saa ni za mji gani, ndipo ugeuze kuwa saa za Kiswahili. Iandike ukutani.

Lakini nisijidanganye, hata ningewahi, andiko langu la utafiti, lile la kuombea pesa, lisingefika mbali. Nalijua kwa sababu nililituma kwingine, kwa wakati, likarudi na "asante, wenye sifa walikuwa wengi". Mstari wake wa kwanza ulisema muhogo ni zao muhimu kwa usalama wa chakula barani Afrika. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa njaa, umaskini, mabadiliko ya tabianchi na ongezeko la watu. Dada mmoja wa maabara, aliyenitangulia kazini miaka mingi, alilisoma huku amesimama, akanirudishia.

"Mdogo wangu, hili si andiko. Hii ni hotuba ya Nane Nane."

Nilinuna wiki nzima. Kisha tukaenda Chambezi, Bagamoyo, kuchukua sampuli, na njiani tukasimama kwenye shamba la mama mmoja. Mihogo yake ilikuwa mizuri, majani kijani kibichi, nikamsifia. Akacheka. Akashika shina, akang'oa, akakata mzizi kwa panga mbele yangu. Ndani mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. "Majani yananicheka," akasema, "nakuja kujua siku ya kung'oa." Shamba la jirani yake lilikuwa na mbegu nyingine ya muhogo, Kiroba. Majani yake yalikuwa na michirizi ya manjano unayoiona ukiwa barabarani, lakini mzizi ulikatwa ukatoka mweupe, ukaliwa.

Hapo ndipo andiko langu la pili lilipozaliwa. Ugonjwa huo, wa michirizi ya kahawia, si mgeni kwetu. Ulielezwa kitaalamu kutokea Amani, kule Usambara, miaka ya 1930. Inajulikana kwamba unasababishwa na aina mbili za virusi, kwamba nzi weupe wanaueneza, na kwamba sisi wenyewe tunaubeba kwenye pingili tunazogawiana. Yote hayo niliyabana kwenye aya moja. Aya ya kwanza niliwaachia yule mama na panga lake, na chini yake swali: kwa nini mmea wenye majani yaliyougua unalinda mzizi, na wenye majani mazuri unauachia uoze? Anayepitia maombi 200 hahitaji kuambiwa Afrika ina njaa, hilo keshalisoma asubuhi yote.

Swali likishakaa sawa, mwenyeji, yaani mtafiti wa nje wa kukupokea kwenye maabara yake, anapatikana. Nilimwandikia mtafiti mmoja wa Uingereza mistari minane: nimesoma makala yako, jedwali hili limenikwaza kwa sababu hii, nina sampuli hizi, maabara yetu haina kifaa hiki, je, naweza kuja miezi mitatu? Sikumsifia. Alijibu baada ya siku kumi. Barua pepe zangu za zamani, zenye aya nne za "nimevutiwa sana na kazi yako adhimu", hazijajibiwa mpaka leo.

Jambo ambalo wengi wanalisahau ni namna sampuli zitakavyotoka nchini. Huwezi kuweka majani ya muhogo kwenye begi ukapanda ndege. Kuna cheti cha usafi wa mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuna kibali cha kuingiza cha nchi unakokwenda, kuna makubaliano kati ya taasisi yako na ya mwenyeji kuhusu nani ana haki gani juu ya sampuli hizo. Mimi niliandika kwamba nitapeleka majani yaliyokaushwa, yaliyobanwa katikati ya kurasa za gazeti, nikataja vibali na miezi ya kuvishughulikia. Ilikuwa nusu ukurasa tu, ila mwenyeji alisema ndiyo iliyomfanya aamini kwamba nimewahi kufanya kazi.

Barua za mapendekezo: anza mapema, maana utasikia hiki.

"Shikamoo Profesa, kuhusu ile barua..."

"Marahaba. Andika mwenyewe, niletee nisaini."

Usikubali haraka. Barua uliyojiandikia inafanana na andiko lako hadi mkato. Mimi nilimpelekea karatasi yenye mambo matatu aliyoyashuhudia kwa macho yake, nikamwomba aandike kwa maneno yake. Alilalamika, akaandika. Na kama wewe ni mtumishi wa umma, barua ya mwajiri na kibali cha kusafiri havitoki kwa siku mbili, hata uwe na shemeji masjala.

Pa kutafutia ni pengi. Kwa akina dada, OWSD ya Trieste, Italia, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, imekuwa ikifadhili shahada ya uzamivu, ukiwemo mpango unaokuruhusu ubaki umesajiliwa chuo cha nyumbani huku ukienda nje kwa vipindi. AWARD ya Nairobi imekuwa ikiwalea wanawake watafiti wa kilimo tangu 2008.

Usaili wangu ulikuwa kwa video, nimejifungia chumba cha mizani kwa sababu ndicho chenye mtandao wa maana. Watu watatu. Mmoja hakutabasamu hata mara moja, akaniuliza: ukikuta virusi ni vilevile, kwa wingi uleule, kwenye mimea yote miwili, utakuwa umepoteza pesa zetu?

Nikamwambia hapana, nitakuwa nimejua tofauti imo kwenye mmea wenyewe, na kazi inahamia kwa wenzangu wa mbegu, mlango wa pili kutoka hapa nilipokaa. Akainama, akaandika kitu.