Jibu: Je, wamisionari Zimbabwe walitumia njaa kuvuta waumini?

Mkuu, umeuliza kama misaada ya wamisionari Zimbabwe wakati ule uchumi umeanguka ilikuwa chambo tu ya kuvuta waumini. Wapo waliofanya hivyo, sikatai. Lakini angalia hospitali za misheni.

Mwishoni mwa 2008 hospitali kubwa za serikali Harare zilikuwa karibu zimefungwa, mishahara haitoshi hata nauli, na kipindupindu kinaua. Kiliondoka na watu zaidi ya 4,000. Za misheni vijijini ziliendelea kupokea wagonjwa. Hospitali ya misheni ya Chidamoyo, huko wilaya ya Hurungwe, ilikubali kulipwa kwa karanga. Ndiyo, karanga! Mgonjwa anakuja na ndoo au gunia, wao wanasaga siagi ya karanga ya kuwalisha waliolazwa. Hata serikali ilipoacha sarafu yake na kuhamia dola ya Marekani na randi ya Afrika Kusini mwaka 2009, mkulima wa kijijini angezitoa wapi?

Mimi kipimo changu ni kimoja: asiye muumini anatibiwa sawasawa na wengine? Kama chakula kinagawiwa baada ya ibada tu, tena kwa waliohudhuria, hapo shaka yako ina msingi.