Mapambo ya mti wa Krismasi achague nani? (jibu refu, nivumilieni)

Dada uliyeuliza jana usiku, swali lako nimelisoma mara mbili. Wataka mti wa rangi mbili tu, dhahabu na nyeupe, kama ule uliouona kwenye ukumbi wa hoteli moja kule Nyali. Mzee wa nyumba asema watoto waachiwe wapambe wapendavyo. Bajeti elfu tatu, nyumba ya vyumba viwili Mikindani, feni moja ya darini. Waliokujibu kabla yangu wamekwambia fuata moyo wako. Moyo haulipi pale soko la Marikiti. Mie ni mama wa watatu, nimezaliwa Changamwe na sasa niko Kisauni. Huu ni mwaka wa kumi na nane napamba mti humu Mombasa, na mmojawapo niliuharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Nianze na huo.

Mwaka huo nilikuwa nimepandishwa cheo kazini, nikajiona mtu. Nikanunua mipira ya buluu na ya fedha, utepe wa manyoya ya kung'aa, taa za buluu, mpaka kitambaa cha kuzungushia shina. Vya zamani vyote nikavitia kwenye katoni nikaipandisha juu ya kabati: minyororo ya karatasi, malaika wa pamba aliyepoteza bawa moja, na nyota ambayo binti yangu wa mwisho alikuwa ameikata kwa pakiti ya maziwa, zile ambazo kwa ndani zina rangi ya fedha. Alikuwa na miaka sita. Akaniuliza nyota yake iko wapi, nikamjibu mwaka huu tuna mpangilio. Hakulia. Ningelijua tu kwamba mtoto wa miaka sita akinyamaza hivyo kuna jambo apanga.

Mkesha tumerudi misa, namtafuta aje ale, nasikia minong'ono chumbani kwao. Kufungua mlango, amesimamisha ufagio wa chelewa ndani ya ndoo ya deki, njiti juu, ndoo imejazwa viatu usije ukaanguka. Zile chelewa zilivyotawanyika, haki ya Mungu ni kama matawi. Katoni alishaiteremsha. Nyota ya maziwa iko juu kabisa imebanwa kwa kibanio cha nywele, malaika wa bawa moja katikati, minyororo chini. Kaka zake wawili wamekaa sakafuni kimya, wameshalipa. Kiingilio kilikuwa mabuyu mawili kila mtu, zile mbegu za ubuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu. Mume wangu akaenda kutazama, akalipa, akakaa nao. Mie nikabaki sebuleni na mti wangu wa buluu.

Tangu hapo utaratibu ulibadilika. Kila mtu wa nyumba hii, baba akiwemo, achagua pambo moja jipya kwa mwaka. Kikomo shilingi mia mbili, na ukitengeneza mwenyewe, ile mia mbili ni yako. La zamani hutundikwa kabla ya jipya. Mie nimebakiza usemi kwa mambo mawili tu, moto na harufu. Sheria ya harufu ilikuja baada ya mwanangu wa pili kuleta kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, alichookota ufukweni, akaapa kimekauka. Hakikuwa kimekauka. (Na kwenye hifadhi ya bahari hairuhusiwi kuokota hata kombe tupu, kwa hiyo msiwafundishe watoto tabia hiyo.)

Sasa wewe na dhahabu yako. Usiiache, ila ihamishe. Chagua wewe taa na utepe, viwe vya rangi moja mti mzima, kisha vya kutundika waachie watoto. Taa za manjano hafifu zinazofanana, zikizungushwa kuanzia ndani karibu na shina kuja nje, zaunganisha hata vitu visivyojuana. Mgeni akiingia usiku ataona mwanga kwanza, na hata bata wa karatasi aliyetengenezwa na mwanao ataonekana kama alipangwa. Taa za kugeuka rangi tano ndizo zinazofanya mti wa mchanganyiko uonekane kioski cha kuuza kadi za simu.

Wengi humu wasahau kitu kimoja: Mombasa yenyewe yachagua mapambo. Desemba joto liko thelathini na kitu, kaskazi imeanza kuvuma, madirisha yako wazi mchana kutwa, na hewa ina chumvi. Vile vikulabu vya waya vinavyokuja na mipira hushika kutu kabla ya msimu wa pili na kuacha alama nyekundu. Sisi twatumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba. Haushiki kutu, hauonekani, na kibunda kimoja chakaa miaka. Tepu ya plastiki hubanduka kwa jasho la ukuta. Chokoleti usijaribu, itakuwa supu. Biskuti ni karamu ya sisimizi. Na feni! Mwaka mmoja utepe wa manyoya ulivutwa na feni ya darini, ukazunguka nao mara tatu hivi, kisha nyumba nzima ikanyeshewa vipande vya fedha. Mpaka Pasaka tulikuwa twaviokota. Kwenye nyumba yako, kabla hujanunua hata mpira mmoja, simamisha mti pembeni, mbali na feni, uwashe namba tano uone ni nini kinapepea. Kinachopepea usikinunue.

Hata mti wenyewe una mchango wake. Nikiwa mdogo hapakuwa na mti wa plastiki kwetu. Babangu alikuwa akifanya kazi bandarini, na siku chache kabla ya sikukuu alikuja na tawi la mvinje limefungwa nyuma ya baiskeli, tukalisimika kwenye debe la mchanga. Mvinje ni mti mwema (ndio uliofufua machimbo ya saruji ya Bamburi miaka ya 1970, yakawa msitu) lakini matawi yake ni legelege. Ukitundika kitu kizito lainama mpaka sakafuni. Kwa hiyo mapambo yetu yalikuwa mepesi kwa lazima. Pamba ya duka la dawa ikawa theluji, ingawa babangu kila mwaka aliuliza hiyo theluji imeteremka meli gani. Viberiti vitupu vikavishwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara vikawa zawadi. Kadi za Krismasi zilizokuja kwa posta zikaanikwa kwenye uzi, kutoka dirisha hadi mlango, kama nguo. Na msinicheke, dari ilipambwa kwa karatasi ya choo, ya waridi na nyeupe, zimesokotwa pamoja kutoka pembe hadi pembe. Waliokulia Kenya miaka hiyo wanajua. Ilikuwa nzuri, nawaambia.

Wanangu nilipowasimulia, mkubwa akanijibu na mambo yake ya shule: kwamba kule Ujerumani watu nao walianza kwa kutundika matufaha na biskuti, na mipira ya kioo ilikuja baadaye, kutoka mji mmoja wa wafua kioo uitwao Lauscha. Kumbe ule mpira mwekundu ni tufaha lililopandishwa cheo. Basi nikasema, ikiwa wao walitundika walichokuwa nacho jikoni, sisi wa Pwani tuna nini? Binti akadakia: mabuyu. Tukayatia kwenye vifuko vya karatasi, tukavifunga kwa uzi mwekundu. Mabuyu hayayeyuki na wala sisimizi hawakuyajali sana. Adui alikuwa binadamu. Tulitundika ishirini na nne, kimoja kwa kila siku ya Desemba hadi mkesha, na kufikia tarehe kumi na mbili vilikuwa vimebaki vitatu, na kila mtu nyumbani, nikiwemo, alikuwa na ulimi mwekundu akikana.

Pambo ninalolipenda kuliko yote lilitoka Changamwe, kwa wale wachongaji wa ushirika wa Wakamba ulioanzishwa 1963. Mume wangu ndiye aliyelichagua mwaka wake. Alimwona mzee mmoja ana kikapu cha twiga wadogo waliokatika mguu au sikio, wasioweza kuuziwa watalii, akanunua sita kwa bei ya mmoja mzima. Wamechongwa kwa mwarobaini, wepesi, hawazidi kidole gumba. Akawatoboa mgongoni kwa msumari, akapitisha mshipi. Hao twiga vilema wana mwaka wa tisa sasa. Tahadhari moja, ukiuziwa kinyago cheusi kidogo ukaambiwa ni mpingo, kisugue kwanza kwa kitambaa cheupe. Kingine ni mti wa kawaida uliopakwa rangi ya viatu, na kwa joto la hapa rangi hiyo itahamia kwenye mikono ya mtoto, kutoka hapo kwenye kochi.

Jirani yangu ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Kibokoni. Mwaka wa kwanza tulipohamia hapa alibisha hodi mkesha saa kumi na moja jioni, mkononi ana sahani iliyofunikwa kwa kitambaa kilicholowa. Nikadhani ni mahamri. Kufunua, koja la asmini, refu mkono mzima, machipukizi hayajafunguka, yametungwa moja moja kwa uzi. Akaniambia, "Mie mambo ya mti siyajui, mwanangu, lakini nyumba ya sikukuu lazima inukie." Sikujua niliweke wapi kwa adabu, nikalizungusha kwenye matawi ya kati. Usiku machipukizi yalifunguka, tukalala na harufu hiyo. Asubuhi yalikuwa ya kahawia yote. Sasa kila mwaka hulileta, nami Idi humpelekea keki, na hakuna pambo lingine linalosubiriwa nyumbani kwangu hivyo, ingawa uhai wake hauzidi saa kumi na mbili.

Umeuliza pia upambe lini. Inategemea mtakula sikukuu wapi. Sisi asili yetu Taita, na miaka mingi tarehe ishirini na tatu tuko kwenye basi kwenda Wundanyi, kwa hiyo mti wa kusimamishwa tarehe ishirini ungepambiwa mende. Twasimamisha mapema ndani ya Majilio, zile wiki nne za kungojea Krismasi, watoto wakiwa wameshafunga shule, ili tuufaidi. Tukiondoka nachomoa kila kitu soketini. Hapo kwenye moto ndipo kura yangu hutumika. Taa zile za balbu ndogo za zamani hupata joto, na moja ikiungua nyingine zote hulala. Nunua za LED, zala stima kidogo, hazichomi, na zikiwa za betri stima ikipotea ndio kwanza mti wapendeza. Usizichomeke kwenye ekstensheni moja na pasi.

Sasa elfu tatu yako, mie ningeigawa hivi. Kama mti wa plastiki unao, elfu moja kasoro yaenda kwenye taa nzuri, usibane hapo. Mia tano utepe wa dhahabu, kipande kifupi kinachozunguka mara mbili tu, mbali na feni. Mia moja mshipi. Kila mtoto na baba yao mia mbili mkononi, muende pamoja soko la Kongowea au la Mwembe Tayari siku ambayo si Jumamosi, kila mtu achague lake bila wewe kukunja uso. Baki yake weka. Siku kumi za mwanzo za Januari wauzaji huwa wanataka kuondoa mzigo, na mipira ya dhahabu unayoitamani utaipata kwa bei ya kuokota. Mingi ni plastiki ileile ya kutoka China, iliyoshukia Kilindini kwenye kontena lilelile na ile ya madukani.

Kama huna mti kabisa, usinunue wa bei rahisi wa matawi matatu. Tafuta mtunza bustani wa nyumba za ufukweni anayepunguza mvinje, muombe tawi, mpe ya chai. Au ufagio. Ule wetu bado upo, chelewa zimebaki nusu. Yule binti sasa yuko sekondari na anajiona mkubwa kwa mambo mengi, lakini mwaka jana nilimkuta ameuchomeka ndooni kando ya mti, nyota ya maziwa juu. Kiingilio kimepanda.