Usimbishie binti, muulize mwenye programu

Dada, umesema binti yako wa miaka 16 huko Georgia, Marekani, anautaka uhandisi, ila programu ya kiangazi ya utafiti wa kilimo anaikataa: shamba ni mambo ya utumwa. Nilisoma shahada ya pili kwenye kimojawapo cha vile vyuo 19 vya watu weusi vinavyoitwa vya 1890, na viangazi viwili nilisimamia vijana kama yeye.

Usimbishie, ana hoja. Vyuo vya kilimo na ufundi vilivyotokana na sheria ya 1862, kule kusini, mtu mweusi alifungiwa mlango. Ndipo sheria ya 1890 ikayaambia majimbo: wapokeeni, au muwe na chuo chao. Majimbo ya kusini yakachagua la pili.

Kiangazi cha kwanza nilivurunda. Niliwapa majembe wapalilie vitalu vyangu, wanijazie na takwimu za tasnifu yangu. Mmoja akaniambia bibi yake aliikimbia kazi hii, leo mimi namrudisha kwa jina la sayansi. Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata kila mmoja alipata tuta lake la kunde: nusu mbegu zimepakwa bakteria wanaofanya mizizi iote vinundu, nusu hazikupakwa. Wiki ya sita wakang'oa, wakapasua vinundu vya mizizi kwa wembe. Ndani vyekundu kama damu! Kumbe mle mna protini, ndugu ya himoglobini yetu, inayoishika oksijeni isiharibu kimeng'enya kinachonasa naitrojeni ya hewani. Kemia waliyoichukia darasani, sasa wanaigombania. Halafu mbegu zisizopakwa nazo zikawa na vinundu! Wakadhani wameharibu jaribio. Tukabishana siku mbili hadi mmoja akauliza: je, kama bakteria walikuwamo udongoni tangu mwanzo? (Walikuwamo. Kunde hazichagui sana bakteria.)

Mwingine kihisi chake cha unyevu kilisoma kavu kwenye udongo uliolowa chepechepe. Alifungua waya zote, akaandika upya programu yake ya kompyuta, kumbe ni hewa tu iliyobaki kati ya chuma na udongo. Akaushindilia vizuri, kikasoma. Leo anasomea uhandisi wa maji.

Kwa hiyo kabla hujasaini, waulize kama binti atakuwa na swali lake na daftari lake, na posho inatoka lini, maana wenzake wanashinda dukani wakilipwa kila wiki. Wakikujibu "atawasaidia watafiti wetu", kaa macho. Hilo ni jembe.