Nataka pafyumu ya viungo, sitaki kunukia keki

SWALI: Shikamoo dada. Mi nina shida na pafyumu za kiume. Napenda harufu kali ya viungo, pilipili manga, iliki, karafuu, vitu kama hivyo, ila utamu sitaki kabisa. Mwezi uliopita nimenunua chupa moja, boksi limeandikwa ni ya viungo, dukani nikapuliza kwenye kikaratasi ikawasha pua kweli nikalipa hapohapo, sasa nikiipaka asubuhi ikifika saa nne nanukia pipi, mke wangu anasema nanukia losheni ya mtoto. Kuna inayobaki kavu mpaka jioni? Na nitaijuaje kabla sijatoa hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, hilo limewakuta wengi sana na pua yako haina tatizo lolote. Ulichonusa dukani ni dakika za mwanzo tu. Pilipili manga, iliki na tangawizi ni harufu nyepesi, zinaruka haraka pamoja na spiriti, alafu kinachobaki kwenye ngozi mpaka jioni ni vile vitu vizito vya chini, na hukohuko chini ndo wanaweka vanila, mbegu za tonka (zinanukia karibu na vanila), na mchanganyiko wa resini tamu wanaouita amba. Kwa hiyo we ulinunua pilipili ukaenda nayo nyumbani vanila.

Sasa swali la kumuuliza muuzaji usiulize kama ina viungo, maana atakwambia ndiyo na atakuwa hajakudanganya. Muulize chini kuna nini. Akikutajia vetiva (ule mzizi wa majani wenye harufu ya udongo mkavu), mwerezi, ubani, harufu ya ngozi kama ya mkoba au viatu, basi kaa uisikilize. Akianza vanila, tonka, karameli, asali, rudisha chupa mezani hata kama mwanzo wake umekupendeza vipi.

Na viungo vyenyewe havifanani. Pilipili manga ndo rafiki yako mkubwa: ule moto wa ulimini unatokana na piperini ambayo haipai hewani, kwa hiyo kwenye pafyumu inabaki harufu peke yake, kavu, kama mbao iliyopasuliwa sasa hivi. Iliki ni baridi na safi. Karafuu ikikaa peke yake ni kavu mpaka inakumbusha kwa daktari wa meno, ila ilaze kwenye vanila uone, inageuka keki. Mdalasini mi ningekushauri uuogope kidogo maana pua zetu zinausoma kama kitu kitamu hata usipowekewa sukari, 1 Million ya Paco Rabanne ya mwaka 2008 ina mdalasini na watu wanaipenda sana, ila kwa unachotafuta wewe hiyo ni tamu mno.

Majina mawili ya kuanzia. La kwanza Terre d'Hermès ya 2006, aliitengeneza Jean-Claude Ellena, ina chungwa, pilipili, harufu kama ya jiwe la gumegume, alafu vetiva na mwerezi, chungwa la mwanzo lina uchangamfu lakini haliendi kwenye pipi. La pili Déclaration ya Cartier, ya 1998, mtu ni huyohuyo Ellena, iliki imejaa tele na kuna bizari nyembamba ndani yake, na hapo niseme wazi kabisa, bizari nyembamba kwenye ngozi za watu wengine inasikika kama jasho, kwa hiyo hiyo usiinunue bila kuijaribu kwenye mwili wako, ila ikikukubali utaipenda miaka. Mi naiona ni moja ya kazi nzuri za viungo zilizowahi kufanywa kwa wanaume na inaniuma ikiwa haitajwi.

Kuijaribu sasa. Kikaratasi ni cha kuchuja tu. Puliza mara moja kwenye mkono mmoja, nyingine mkono wa pili, mbili zinatosha maana zaidi ya hapo pua inachoka, alafu toka dukani bila kununua. Nusa baada ya nusu saa, baada ya saa mbili, na jioni kabla hujaoga. Hiyo ya jioni ndo utakayoishi nayo. Na angalia usichanganye matoleo, unaweza kupenda lile toleo la kawaida lililoandikwa Eau de Toilette ukaja kununua ile iliyoandikwa Intense au Elixir ukidhani ni ileile iliyoongezwa nguvu, kumbe mara nyingi ni fomula nyingine na kinachoongezwa huwa ni huohuo utamu wa chini.

Maandishi madogo ya boksi nayo yanasaidia kidogo. Eugenol inakuelekeza kwenye karafuu, Cinnamal kwenye mdalasini, Coumarin kwenye tonka. Hiyo Coumarin isikutishe moja kwa moja, ipo pia kwenye pafyumu kavu za lavenda za mtindo wa zamani, ila ukiiona na muuzaji kashataja vanila basi umeshapata jibu.

SWALI: Dada, na mimi je, nikinunua mafuta halisi ya karafuu nikajipaka shingoni si ndo nitakuwa nimekwepa vanila moja kwa moja?

JIBU: Hapana kaka, nakuomba usifanye hivyo. Mafuta yale ni makali, sehemu kubwa yake ni yujenoli (ile Eugenol ya kwenye boksi), na yakipakwa hivihivi bila kuchanganywa yanaweza kuunguza ngozi au kukuletea mzio ambao ukishaupata hauondoki. Ya magome ya mdalasini ni mabaya zaidi. Kama umeshajipaka na panawasha, futa kwanza kwa mafuta ya kula alafu osha kwa sabuni, na pakivimba nenda hospitali.