Mwanangu, usimgombeze dada yako

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia: iweje mtu aliyemaliza matibabu ya saratani ya titi aachwe kwenda kwa miguu mpaka Raskazone, badala ya kulala akapumzika? Dada yako kaniambia ulivyomfokea kwenye simu. Muache. Naenda kwa hiari yangu, na daktari ameniruhusu.

Hao majirani waliokupigia wanadhani uchovu wa dawa ukilala unaisha. Mimi nililala nao nikaamka nao, na kadiri nilivyojilaza ndivyo miguu ilivyozidi kulegea, hata kutoka uani kuja sebuleni nashika ukuta. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenitoa kitandani. Mwanzo ilikuwa mpaka getini na kurudi. Sasa nashika njia ya Bombo jua halijawa kali, kwa mwendo ambao naweza kumjibu mwenzangu lakini kasida siwezi kuimba. Kipimo ndicho hicho. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wapate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Kufagia uwanja na kupalilia navyo vimo, ilimradi pumzi iongezeke.

Kilichonisumbua zaidi ni mkono. Upande uliopasuliwa walitoa na tezi za kwapani, nikaambiwa niuangalie usivimbe. Zamani wagonjwa walikatazwa kunyanyua chochote kizito. Siku hizi imeonekana kwamba uzito ukianza kidogo kidogo, chini ya uangalizi, hauzidishi uvimbe. Ukija utaona alama za mkaa ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Nasimama nikiutazama ukuta, vidole vinapanda kama kaa mpaka bega liseme basi, nachora mstari. Baba yako ananung'unikia rangi yake. Mstari wa juu umeshampita kimo.

Ila nielewe: kutembea si badala ya dawa, wala hakuna aliyeniahidi kuwa ugonjwa hautarudi. Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, naenda kila wanaponiita. Lakini mwaka 2025 ulitoka utafiti wa watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia. Waliosimamiwa mazoezi kwa miaka 3, baada ya miaka 8 walikuwa hai kama 90 katika kila 100. Waliopewa vijitabu vya afya tu, 83. Ule ni utumbo, wangu mimi ni titi, kwa hiyo hesabu hiyo sijipigii. Lakini nguvu ya kuvaa viatu inanipa.

Sasa tuje kwako, maana nawe umeniuliza ya mgonjwa ukasahau ya mzima. Mazoezi hupunguza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana, figo na tumbo, na kwa dada zako, titi. Wewe kutwa umekalia kiti cha ofisi, na mkate wa dukani unaufuata kwa bodaboda! Mkeo ndiye aliyeniambia, usimuulize.

Idi ukija, niletee raba namba 39, zenye soli nene. Hizi nilizonazo kisigino kimekwisha.

Mama yako,
Chumbageni, Tanga