Maswali Yenu kwa Mzee wa Marangu: Mwenzetu kabaki mlimani, tunamliaje?

Wapendwa, barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na msiba ndani yake. Ikifika Mei wapanda milima wa huku kwetu wanamkumbuka Cheruiyot Kirui, yule Mkenya aliyefia Everest mwaka 2024 akiwa na miaka 40, na ukianza kumkumbuka yeye unajikuta umeshafika kwa wa kwako. Kwa hiyo safari hii maswali ya buti na ya mvua nimeyaweka pembeni, nimechukua haya manne tu.

*

Shikamoo mzee. Niko Nairobi, tuko na grupu yetu ya haikingi, tunaendaga Longonot, Elephant Hill, Ngong, na mara moja moja Mount Kenya mpaka kile kilele cha Lenana. Kirui hakuwa rafiki yangu, nilikuwa namfuata tu mtandaoni kama wengi, lakini ile siku habari ilitoka nililia kama nimefiwa na kaka. Shida ni mamangu. Mpaka wa leo akisikia hiyo stori anauliza ni watu gani hao wanaacha mtu wao kwa barafu, si wangechanga pesa aletwe nyumbani azikwe? Nakosa jibu. Na mimi mwenyewe sijui vile unaeza kumlilia mtu hana kaburi. — J., Kasarani

Marahaba mwanangu. Kwanza mama yako simlaumu hata kidogo, na wewe usimlaumu. Kwetu mtu analala kwao. Mama yako bila shaka anaikumbuka ile kesi ya wakili S. M. Otieno, mjane wake anataka amzike shamba lao la karibu na Ngong, ukoo unasema hapana, anarudi kijijini kwao Nyalgunga, na marehemu aliyefariki Desemba 1986 akakaa mochwari mpaka Mei 1987 watu wako mahakamani. Sasa mama aliyelelewa na mambo hayo leo unamwambia kuna familia imekubali mtoto wao abaki kwenye theluji ya Nepal, lazima ashtuke.

Ila mwambie hivi, kwa upole. Familia ya Kirui haikumwacha kwa kukosa mapenzi wala kwa kukosa pesa ya mchango. Alitoweka tarehe 22 Mei, kesho yake akaonekana amefariki karibu kabisa na kilele, na kilele cha Everest ni mita 8,848. Helikopta za uokoaji kule kwa kawaida zinaishia kambi ya pili, kama mita 6,400 hivi, hapo juu pote ni miguu ya watu. Mwili ukishaganda na barafu ikaushika unaweza kuwa mzito karibu mara mbili ya ulivyokuwa, na wa kuubeba ni Masherpa kadhaa, wenyeji wa milima ya Nepal wanaoongoza na kubebea wapandaji, ambao hewa ya kuwatosha wao wenyewe kule hakuna, wapite nao kwenye ukingo ambao hata mtu mmoja mzima anaupita kwa kushikilia kamba. Mwaka 1979 alifia kule mama mmoja wa Kijerumani, Hannelore Schmatz, akiwa anashuka. Mwaka 1984 inspekta wa polisi wa Nepal na Sherpa mmoja wakapanda ili wamshushe, wakadondoka wote wawili wakafa. Yaani msiba mmoja ukawa misiba mitatu. Familia ya Kirui ilisema haitaki maisha ya mtu mwingine yaingie hatarini kwa ajili ya kumrudisha, na mimi niliposoma vile nilinyamaza muda mrefu, maana najua mama wa mtu alikuwa ndani ya uamuzi ule.

Sasa swali lako la pili ndilo zito. Unamliaje asiye na kaburi? Jibu ni kwamba wazee wetu walishakutana na hili kabla ya mtu yeyote wa huku kuisikia Everest. Watu walizama ziwani, walienda vitani hawakurudi. Waluo wana tunda la yago, lile refu kama soseji linaloning'inia kwenye mti wake, mtu asipopatikana linazikwa lile kwa heshima zote kama yeye, watu wanalia na matanga yanakaliwa. Waislamu wengi wa Pwani wana sala ya ghaibu, maiti iko mbali au baharini lakini sala inasaliwa. Na Masherpa wenyewe wanafanya. Ukipita njia ya kwenda kambi ya chini ya Everest, juu ya Thukla, kuna uwanda mzima wa minara ya mawe yenye bendera za maombi, ni ya watu waliokufa milimani, na wengi wao hawako pale.

Kwa hiyo nyie kama grupu mnaweza. Chagueni mlima mmoja na siku moja, isiwe ya mazoezi wala ya kupiga picha za kurusha, mwende kwa ajili yake tu, jina lake litajwe kwa sauti, kila mtu aseme alichonacho. Anayetaka kuomba aombe. Usiogope kwamba hukuwa rafiki yake, watu waliopanda milima ile ile wameshakula vumbi moja. Na mama yako mchukue siku hiyo hata kama ataishia getini, nina hakika akiona watu wanalia vizuri atapumua.

*

Mzee mimi nitasema ukweli hata kama watu watakasirika. Kwenda Everest bila oksijeni ya chupa kama alivyoenda Kirui ni kiburi. Nasikia walimwambia ageuze akakataa, na hata chupa ya akiba akaikataa. Kwanini tunamsifia mtu aliyejiua? — Mkweli, Arusha

Mkweli, hilo neno la mwisho naomba ulifute kichwani kabla hujalifuta kwenye karatasi, maana lina ndugu zake wanaolisoma.

Nikueleze kitu ninachokijua kwa mikono yangu. Nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka 22. Kileleni pale, mita 5,895, hewa ni kama nusu ya ile ya Dar es Salaam, na kwa nusu hiyo tu nimeona daktari mzima kasahau jina la mtoto wake, nimeona mtu anavua jaketi kwenye baridi inayoganda maji ya chupa akiniambia anasikia joto, nimetukanwa na mzee mstaarabu kabisa kwa sababu nimemwambia tunashuka, na kesho yake kambini Horombo hakumbuki hata neno moja, ananiuliza kwanini nimenuna. Tena nimeshawahi kumburuta mtu kwa nguvu, wenzangu wawili wamemshika makwapa, analia anasema bado dakika tano tu. Hiyo ni nusu. Kule juu ya Everest ni kama theluthi. Kwa hiyo zile taarifa za siku ile zilizosema alikataa kurudi, hata tukizichukua zilivyo, unayemsikia akikataa pale si mtu uliyekunywa naye chai wiki iliyopita, ni ubongo uliokosa hewa. Ugonjwa wenyewe ndio unaomwambia mgonjwa kwamba yuko sawa, ndio ubaya wake.

Na hakukurupuka. Mwaka 2023 alipanda mlima Manaslu wa huko huko Nepal, mita 8,163, bila oksijeni ya chupa akarudi salama. Mount Kenya alishapanda zaidi ya mara kumi. Kupanda Everest bila chupa kulianza mwaka 1978 na wapanda milima wawili wa Ulaya, Messner na Habeler, kuna madaktari waliokuwa wanasema watarudi wameharibika akili, hawakuharibika, na tangu hapo zaidi ya watu 200 wameshafanya. Ni hatari kubwa, ndiyo, mimi mwenyewe angeniuliza ningemwambia beba chupa na uitumie mwanangu. Lakini kuna tofauti ya mtu kuijua hatari akaiendea kwa maandalizi ya miaka, na kiburi. Kukosoa uamuzi ruhusa, vijana wanaokuja nyuma wanahitaji kusikia, mimi nawaambia kila siku saa ya kugeuza mnapanga mkiwa chini na akili zenu timamu, na anayeamua kule juu ni yule ambaye bado anakumbuka tarehe. Ila fanya hivyo baada ya matanga. Kwenye matanga mtu hukosoi, unasogeza kiti, unakaa.

*

Shikamoo baba. Mimi kaka yangu alikuwa mpagazi, amefia mlimani kwenye baridi, tumemzika Old Moshi. Mwaka huo huo alifariki mgeni mmoja, nikaona watu wa milima dunia nzima wameandika, wamewasha mishumaa, wamechangia. Kaka yangu hakuandikwa hata na kampuni aliyobebea mizigo. Je yeye hakuwa mpanda mlima? Na shemeji yangu ana watoto watatu, anaweza kudai chochote? — Mdogo wake, Moshi

Marahaba binti yangu, na pole sana. Pole kweli. Barua yako nimeisoma mara nne na ndiyo iliyonifanya niandike safu hii yote.

Kaka yako alikuwa mpanda mlima kuliko wengi wetu. Mgeni anapanda Kilimanjaro mara moja na begi dogo lenye maji na biskuti, mpagazi anapanda na kilo 20 begani, anampita mgeni njiani, anafika kambini anasimamisha hema kabla mgeni hajafika, na wiki inayofuata anarudi tena getini kupanga foleni. Sisi tunawaita wagumu na tunalitamka kama sifa, lakini nadhani limetufanya tusahau kwamba mgumu naye anasikia baridi. Nimewahi kushuka na kijana wa aina ya kaka yako kwenye ile machela ya gurudumu moja, usiku, kutoka kambi ya Kibo, na jaketi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba isiyofunga zipu. Alikuwa amebeba mifuko ya kulalia ya watu wengine, mizuri, ya joto. Hilo sijalisahau na sitalisahau.

Na wewe J. wa Kasarani soma hapa pia. Kirui hakuwa peke yake siku ile. Alikuwa na muongozaji wake, anaitwa Nawang Sherpa, na yeye hakurudi. Kwenye siku za kwanza nilikuwa naona picha ya mmoja tu, watu wanaandika "Mkenya na muongozaji wake", kana kwamba huyu wa pili hana mama. Mtakapotaja majina kule mlimani tajeni yote mawili. Naomba sana hilo. Sisi watu wa Kilimanjaro tungekuwa wa mwisho kabisa kulisahau, kwa sababu dunia ikitutazama sisi ndio Masherpa.

Sasa ya shemeji. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015, mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mtu akifia kazini wategemezi wake, mjane na watoto, wana haki ya kudai. Waajiri wengi watakwambia mpagazi ni kibarua, hahusiki. Usikubali jibu la mdomo, nenda ofisi ya WCF wakuambie wenyewe kwa maandishi, na usikawie, kila mwezi unaopita ushahidi unapotea. Beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa au barua ya serikali ya mtaa kama hawakufunga, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chake cha upagazi. Halafu jambo ambalo watu hawalijui, getini mizigo inapimwa na majina ya msafara yanaandikwa, kwa hiyo kumbukumbu kwamba siku hiyo alikuwa kazini ipo, ombeni nakala. Tafuta na wapagazi wawili waliokuwa naye waandike walichokiona. Mkikwama niandikie tena kupitia gazeti, nitakuja mwenyewe twende wote.

Na jina la kaka yako nitumie. Nataka nilijue.

*

Mzee wetu, rafiki yangu tuliyekuwa tunapanda naye mwamba kule Lukenya amefariki mwaka jana, alidondoka. Mamake ametuita, ametupa mfuko wa vitu vyake, buti, helmeti, mikanda ya kupandia na kamba, anasema tumieni, msiviache vioze. Grupu imegawanyika, wengine wanaona ni mkosi. Tufanyeje? — Watu watano, Athi River

Poleni watoto wangu. Mkosi hakuna, kuna nailoni.

Buti gaweni, ikimtosha mmoja wenu avae, na mama yake mkienda kumsalimia mzivae, atazitazama. Helmeti kama ndiyo aliyoanguka nayo haina kazi tena, hata kama haina ufa unaoonekana, wekeni mahali pa kumbukumbu. Mikanda hivyo hivyo, kama ilikuwa mwilini siku ile msiivae. Kamba msiitumie kabisa kupandia, hata mama akisisitiza. Kamba ya nailoni iliyodaka mtu imeshatoa nguvu yake, na kamba ambayo hujui imelala wapi, imeguswa na nini, jua limeipiga miaka mingapi, si kamba. Msimrudishie mama hivi hivi akadhani mmeikataa zawadi yake, nendeni mmueleze mmekaa naye, chai mkononi, polepole.

Halafu ikateni vipande sita mbele yake, urefu wa mkono, chomeni ncha kwa kiberiti zisifumuke. Vitano vyenu. Cha sita mpeni yeye, mmfundishe kufunga lile fundo lenye umbo la nane ambalo mtoto wake alikuwa analifunga kila Jumamosi.