Seva ya Nyumbani Ifikike Kutoka Nje: Anza na Anwani

Tovuti uliyoiweka kwenye seva yako, yaani kompyuta ya nyumbani inayoihudumia, inafunguka vizuri kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani Kisauni, lakini nduguyo aliye Voi haioni. Wengi wanaoanza hukimbilia ruta na kufungua poti, yaani milango yenye namba ambayo data hupitia. Usianzie huko. Ingia kwenye ruta, tafuta ukurasa wa hali ya WAN (upande wa ruta unaoelekea intaneti), usome anwani ya IP iliyo hapo. Kisha kwenye seva andika `curl -4 ifconfig.me`, ikuonyeshe anwani ambayo watu wa nje wanaiona. Anwani hizo mbili zikiwa sawa, una anwani ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, na karibu kazi yote iliyobaki iko mikononi mwako.

Zikitofautiana, tazama ile ya ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kampuni inayokuuzia intaneti imekuweka na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Mpangilio huu huitwa CGNAT, na kwa intaneti ya laini ya simu ni jambo la kawaida. Ikianza na 192.168, yamkini kuna ruta nyingine mbele ya yako, kama kwenye fleti ambazo mwenye nyumba hugawa laini moja kwa wapangaji. Hali zote mbili mgeni anazuiwa kabla hajakufikia, na poti utakayofungua kwako haitamfaa kitu.

Tuseme anwani ni ya umma. Kwenye sehemu ya DHCP ya ruta, inayogawa anwani za ndani kwa vifaa, ifungie seva anwani moja ya ndani, mfano 192.168.1.50. Hatua hii hurukwa sana. Kisha stima inakatika, inarudi, ruta inagawa anwani upya, na wageni wanaelekezwa kwenye televisheni. Halafu elekeza poti za TCP 80 na 443, zinazotumiwa na tovuti, kwenye anwani hiyo. Poti 22, ya SSH (njia ya kuiendesha seva kwa amri ukiwa mbali), iache imefungwa, maana roboti za kubahatisha nenosiri hazikawii kuigundua. Ukitaka kuiingia seva ukiwa mbali, weka WireGuard, programu ya VPN inayounda njia ya siri hadi kwenye seva, na kwa kazi hiyo ufungue poti ya UDP 51820 peke yake.

Jaribu kwa data ya simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ruta nyingi haziwezi kurudisha ndani ombi lililotoka ndani likielekea anwani yako ya nje, kwa hiyo ukijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi huenda ukaona kosa ambalo watu wa nje hawalioni.

Ikigoma, angalia inagoma vipi. Ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida ombi limefika kwenye mashine fulani ila hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Andika `sudo ss -tlnp` uone programu zinazosikiliza na poti zake. Ukiona 127.0.0.1:443 badala ya 0.0.0.0:443, programu inaisikiliza mashine yake tu. Rekebisha mipangilio ya programu inayotoa tovuti, Nginx au Apache. Lakini ukurasa ukizunguka hadi muda uishe, ombi linatupwa kimya mahali fulani njiani. Endesha `sudo tcpdump -ni any tcp port 443`, inayoonyesha kila ombi linalofika kwenye seva, kisha fungua tovuti kwa data ya simu. Mistari ikitokea bila seva kujibu, ukuta-moto wa seva ndio unaozuia: `sudo ufw allow 443/tcp`. Usipoona mstari hata mmoja, ombi linafia kwenye ruta au kwa kampuni. Elekeza poti ya nje 8443 iende 443 ya ndani. Hiyo ikipita, yamkini kampuni inazuia 443.

Anwani ya nje ya nyumbani hubadilika, hivyo tumia huduma ya DNS badilifu, inayoelekeza jina la tovuti kwenye anwani mpya, na TTL (muda ambao anwani ya zamani huendelea kukumbukwa) iwe sekunde 300. Cheti cha Let's Encrypt, kinachowezesha usimbaji wa HTTPS, ni bure lakini hakidumu zaidi ya siku 90; hakikisha kinajihuisha kwa `certbot renew --dry-run`. Ukitumia uhakiki wa HTTP, ambapo Let's Encrypt huifikia tovuti yako kuthibitisha kuwa ni yako, poti 80 lazima ibaki wazi.

Ukiwa nyuma ya CGNAT, uliza kwanza bei ya anwani ya umma. Ikikushinda, chimba handaki: seva yako ndiyo inayoanzisha muunganisho kwenda nje, na wageni hurudi kwa njia hiyo hiyo. Cloudflare Tunnel, huduma ya handaki ya kampuni ya Cloudflare, ni rahisi zaidi, ila Cloudflare ndiyo inayofungua usimbaji, kwa hiyo data za wateja zinapita mbele ya macho yake. Kwa data nyeti ni heri ukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, uiunganishe kwa WireGuard yenye `PersistentKeepalive = 25` ili njia isifungwe pakiwa kimya, na cheti ukiweke kwenye seva ya nyumbani ili usimbaji ufunguliwe kwako tu. Chagua pa kukodi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zinatua papa hapa Mombasa, lakini ukikodi Frankfurt, mtu wa Likoni anayefungua tovuti iliyo Kisauni atapitishwa Ujerumani kwanza.

Mwisho, stima. Ruta nyingi hutumia volti 12, na UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti hizo inatosha kuivusha kwenye mkatiko mfupi. Kadi ya SD huharibika haraka umeme ukikatwa ghafla, weka SSD. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) ya kompyuta ya kawaida, washa mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi, la sivyo tovuti itabaki imelala hadi mtu afike nyumbani abonyeze kitufe.